Kunyamaza na Kuficha

Methali isemayo kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza hupendwa sana na walimu, nasi huwapa wanafunzi waieleze kwa maneno yao wenyewe. Karibu wote hutoa maelezo yale yale: bidhaa njema haihitaji kelele. Ni nadra kumpata mwanafunzi aulizaye methali hiyo inamdhania mnunuzi kuwa na nini. Inamdhania kuwa na macho. Muhogo, samaki, mkeka na chungu, vikiwekwa mbele ya mtu aliyekua akivitumia, atavijua kwa kuvitazama, kuvinusa, kuvibonyeza au kuvigonga kwa kidole. Katika soko la namna hiyo kizuri kweli chajiuza.

Lakini vitu vingi tununuavyo siku hizi havina uso. Kidonge ndani ya karatasi yake, betri ya simu, mbegu ya mahindi iliyotiwa rangi, mkopo utolewao kwa kubonyeza vitufe vitatu: mbele ya vitu hivi mnunuzi ni kipofu, na mwuzaji ndiye mwenye macho. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo nataka tulitafakari katika makala haya. Je, yampasa mwenye macho kumwambia kipofu ayaonayo, hata kama hakuulizwa? Na je, akifanya hivyo, biashara yake itakua au itakufa?

Swali hili ni kongwe. Cicero, yule msemaji na mwanasiasa wa Roma, aliliandika mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu alichomtungia mwanawe juu ya wajibu. Mfano wake ni huu. Kisiwa cha Rhodes kimeshikwa na njaa. Mfanyabiashara mwadilifu anawasili kutoka Alexandria na merikebu iliyojaa nafaka. Njiani ameziona merikebu nyingine, nazo zimesheheni nafaka, zikielekea huko huko. Watu wa Rhodes hawana habari. Akiwaambia, bei itashuka. Akinyamaza, atauza kwa bei ya njaa. Nafaka yake ni safi, vipimo vyake vimetimia, wala hasemi uongo hata wa neno moja.

Cicero awaachia ubishi wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babiloni na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso. Diogenes ashikilia kwamba mwuzaji atatangaza kasoro za bidhaa kwa kadiri sheria inavyomlazimisha, na zaidi ya hapo, maadamu hadanganyi, ana haki ya kuuza kwa bei nzuri aipatayo. Kuna mambo mengi yafaayo watu kuyajua; je, kila mtu ana deni la kuyatangaza yote? Antipater amjibu mwalimu wake kwamba binadamu wamefungwa pamoja kwa udugu wa maumbile, na kwamba faida ya wenzako haiwezi kuwa jambo la kigeni kwako. Basi watu wa Rhodes waambiwe.

Cicero mwenyewe aliegemea upande wa Antipater, na sababu aliyoitoa yamfaa sana mwalimu wa lugha. Alisema kunyamaza si lazima kuwe kuficha. Kuficha ni kunyamaza kwa makusudi, ili mtu mwenye haja ya kujua asijue, nawe upate faida kutokana na kutojua kwake. Kiswahili kimeihifadhi tofauti hii katika sarufi yake. Kitenzi «nyamaza» si elekezi: mtu hunyamaza tu, yakaisha. «Ficha» ni elekezi, tena huweza kubeba yambwa mbili, jambo lifichwalo na mtu afichwaye: alimficha mnunuzi ubovu wa mbegu. Palipo na kuficha pana mtu wa pili, naye ndiye agharimiaye kimya chako.

Lichukue robota la mitumba katika soko la Owino mjini Kampala. Huuzwa likiwa limefungwa. Mwuzaji wa jumla hajui kilichomo zaidi ya maandishi ya nje, wala mchuuzi hajui. Wote wawili wabahatisha, na kila mmoja aelewa kwamba mwenzake abahatisha. Mwuzaji huyo anyamazapo, hafichi kitu. Bali akilifungua usiku, akachambua nguo za daraja la kwanza, akalishona upya, basi kimya chake cha asubuhi kimegeuka kuwa kitu kingine, ijapokuwa robota ni lile lile na maneno yake kwa mteja ni yale yale ya jana.

Wasomaji wa pwani watakumbuka pia mafundisho ya Kiislamu juu ya biashara, ambamo baraka ya mauziano imewekewa masharti mawili: mwuzaji na mnunuzi waseme kweli, na wabainishe. Neno la Kiarabu lililotumika katika sharti la pili ndilo ndugu wa maneno yetu «bayana» na «bainisha». Kama kusema kweli kungetosha, sharti la pili lisingehitajiwa. Kisa cha Mtume sokoni chaeleza vivyo hivyo: alitia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta ndani imelowa, mwenyewe akajitetea kwamba ni mvua, akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu, watu wakaiona. Mtu yule hakuwa amesema uongo. Kosa lake lilikuwa katika mpangilio.

Sheria za serikali nazo, polepole, zimefuata njia hiyo hiyo. Huko Roma mahakimu wa soko waliwalazimisha wauzaji wa watumwa na wanyama kutangaza kasoro za walichouza. Jinsi mtumwa alivyohesabiwa pamoja na ng'ombe ni jambo tutakalolirudia. Nchini Kenya, mwaka 2016, Mamlaka ya Ushindani iliwaagiza watoao huduma za fedha kwa simu wamwonyeshe mteja gharama kabla hajaukamilisha muamala wake. Zamani aliijua baada ya kukatwa.

Sasa tuingie katika suala la faida. Wako wasemao kwamba uwazi ni anasa ya tajiri, na kwamba mwenye duka dogo akianza kutangaza kasoro zake atafunga mlango kabla ya mwezi kwisha. Historia yatupa mfano mmoja wenye kupimika. Katika karne ya 17 walizuka Uingereza watu wa madhehebu ya Marafiki, wale wale ambao misheni yao ilifika Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902. Kiongozi wao, George Fox, aliandika kwamba hapo mwanzo wafuasi wake waliokuwa na maduka walipoteza wateja. Walikataa kuvua kofia mbele ya wakubwa, walikataa kumwita mtu mmoja kwa wingi wa heshima, na watu wakawaona hawana adabu. Tena walitaja bei moja wala hawakupatana, katika nchi ambamo kupatana kulikuwa ndiyo desturi. Baadaye mambo yakageuka. Watu wakatambua kwamba hata wakimtuma mtoto katika duka la Rafiki, atapewa bidhaa ile ile kwa bei ile ile kama kwamba wamekwenda wenyewe. Wateja wakamiminika, hata washindani wakaanza kulalamika kwamba watu hawa wataimeza biashara yote ya nchi.

Mtoto aliyetumwa dukani! Sijui kipimo bora zaidi cha uaminifu wa mfanyabiashara. Mtoto hajui bei, hajui mizani, hawezi kubishana, na akipunjwa hana la kusema ila «ndicho alichonipa».

Mtoto huyo huyo aonekana tena katika maandishi ya mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, mwaka 1785. Kant amtaja mwenye duka ambaye hampandishii bei mnunuzi asiye mzoefu, hata mtoto hununua kwake sawasawa na mtu mwingine yeyote. Kisha auliza: je, afanya hivyo kwa kuwa ni wajibu, au kwa kuwa manufaa yake yamtaka afanye hivyo? Mimi nilipolisoma swali hili mara ya kwanza niliona ni kupasua unywele. Mama aliyemtuma mwanawe hajali moyo wa mwenye duka una nini, ilimradi sukari imetimia. Lakini swali la Kant ladai jibu siku ile kweli na faida zinapoachana njia, na siku hiyo yaweza kuifikia hata nyumba iliyojengwa juu ya uwazi.

Ndugu wawili wa Kirafiki, Richard na George Cadbury, walikuwa na kiwanda cha kakao mjini Birmingham. Wakati huo kakao ya Uingereza ilichanganywa na unga wa viazi, sago na molasi, nao pia walikuwa wakichanganya. Mwaka 1866 walitoa kakao isiyotiwa kitu, iliyokamuliwa mafuta yake kwa shinikizo, wakatangaza kwamba kilichomo ndani ya kopo ni kakao tupu. Bunge likatunga sheria dhidi ya uchakachuaji wa vyakula mwaka 1872 na tena 1875, na jina lao likawa jina la usafi. Hapa uwazi ulikuza biashara, bila shaka yoyote.

Mwaka 1901 William Cadbury, mwana wa Richard, aliliona tangazo la shamba lililokuwa likiuzwa katika kisiwa cha São Tomé, koloni la Wareno. Katika orodha ya mali za shamba hilo walihesabiwa wafanyakazi weusi, pamoja na thamani yao ya fedha. Kakao iliyotumiwa na kampuni, kwa kadiri ya nusu hivi, ilitoka visiwa vile. Wafanyakazi waliletwa kutoka Angola kwa kile kilichoitwa mkataba, na karibu wote hawakurudi kwao tena.

Tuwe waadilifu kwa watu hawa. Hawakulala. Walimtuma Joseph Burtt kwenda kuchunguza mwaka 1905. Walizungumza na serikali yao, ikawaomba wasubiri. Walihofu kwamba wakiacha kununua ghafla, sauti yao mbele ya Wareno itakufa. Hoja hizo zina uzito, na ningezikubali kwa mwaka mmoja au miwili. Lakini walinunua hadi Machi 1909. Kwa miaka minane mama wa Kiingereza alimnywesha mwanawe kakao iliyoandikwa kuwa ni safi, na wenye kampuni walijua jambo ambalo, kama angelijua, huenda kopo lile angelirudisha juu ya rafu.

Wala sisemi mfanyabiashara aeleze kila kitu. Mwenye duka halazimiki kutaja aliinunua sukari kwa shilingi ngapi. Hiyo ni siri yake halali, na haibadili sukari. Hapo nadhani Antipater alidai mno, kama kweli alitaka kila jambo litangazwe, ingawa njaa ya Rhodes ni jambo zito kuliko sukari ya dukani. Mkono uliochuma kakao, hata hivyo, haumo katika hesabu za siri za duka. Uliingia ndani ya kile kilichouzwa. Cadbury walitangaza usafi wa kakao, wakaupima usafi huo kwa unga wa viazi peke yake.

Gazeti la Standard la London liliwashambulia mwaka 1908, likiwaita wanafiki, nao wakalishtaki. Kesi ilisikilizwa Birmingham mwishoni mwa 1909. Wakili wa gazeti, Edward Carson, alimwuliza William Cadbury kama aliwahi kukadiria ni watumwa wangapi waliopoteza maisha kwa ajili ya kakao yake tangu 1901 hadi 1908. Alijibu kwamba hakukadiria. Wazee wa baraza wakakubali kwamba kampuni imekashifiwa, kisha wakaipa fidia ya robo ya peni. Kufikia wakati huo kampuni ilikuwa imekwisha kuanza kutafuta kakao katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, kwa wakulima waliolima mashamba yao wenyewe.