Anayehesabu Anadaiwa Nini?

“Mwalimu, unaandikaka bile bidudu juu ya nini?”

Jirani yangu aliniuliza hivyo asubuhi moja ya mwezi wa pili, amesimama kando ya mti wake wa ndimu, mikono kiunoni. Mimi nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili na daftari langu. Nilikuwa nimeandika: saa tatu, viwavi 11; 9 wakubwa wa kijani, 2 wadogo wanaofanana na kinyesi cha ndege. Sikuwa na jibu la kumpa.

Hapa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yetu tuliotoka Kongo, kila mtu ana kitu cha kumpitishia siku. Mimi naandika vipepeo. Daftari langu lina safu nne: tarehe, saa, mahali, rangi. Vitabu vya Ulaya husema vipepeo ni wa kiangazi. Kwetu Kasulu wanajaa wakati wa mvua, bustani za mchicha zikiwa na maua pembeni. Kiangazi kikishika, vumbi jekundu likipanda mpaka juu ya mabati, naweza kumaliza siku nyingi naandika neno moja tu: hakuna. Nalo ni la kuandikwa.

Basi nikamweleza mama yule kwamba viwavi vyake vitakuwa vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano. Nikakigusa kimoja kwa kijiti. Kikatoa vipembe viwili vya rangi ya chungwa kichwani na harufu kali, ndiyo silaha yake. Akatazama. Kisha akasema, “Sawa. Wewe unapata kipepeo. Mimi napata nini? Huu mti nimeumwagilia maji ya kuoshea vyombo miaka mitatu. Uko tu kama wale wa tableti.”

Hilo la mwisho liliniingia.

Wale wa tableti tunawajua wote. Unapanga mstari tangu asubuhi, unaweka kidole, unapigwa picha, unaulizwa mko wangapi. Wanaandika, wanaondoka, na paa linaendelea kuvuja. Katika zoni yetu mimi ni mmoja wa wanaolalamika kwa sauti kubwa. Na sasa kalamu ilikuwa mkononi mwangu, mti wa mtu unaliwa, nami nasema “9 wakubwa, 2 wadogo”.

Tuseme ukweli: bila hesabu hakuna mgao. Mtoto asiyeandikwa kwenye kadi hana chakula, na mfanyakazi anayeandika majina hana mamlaka ya kuongeza hata kikombe cha unga. Kwa hiyo kuhesabu kwenyewe si kosa. Lakini kama si kosa, kwa nini kunauma?

Nilipotafuta jibu nilikumbuka usiku tuliovuka Ziwa Tanganyika. Mtumbwi ulijaa, giza lilikuwa zito, na mama yangu kila baada ya muda alitugusa vichwa, mmoja mmoja, akihesabu kwa mnong’ono. Idadi yetu aliijua, ametuzaa yeye. Alichotafuta ni nani hayupo. Angekosa kichwa kimoja, mtumbwi ule ungegeuzwa au yeye angeruka majini. Hesabu yake ilikuwa imeshaahidi kitu kabla hajaanza moja.

Nadhani tofauti iko hapo. Kuna anayehesabu ili amalize karatasi, na kuna anayehesabu akiwa tayari kusumbuka pindi idadi ikipungua. Kwa nje wanafanana kabisa.

Mtu ataniambia: kipepeo na mtoto wapi na wapi? Ni kweli. Lakini sikiliza hili. Uingereza, tangu mwaka 1976, kuna mpango ambao watu wa kawaida wanapita njia zilezile kila wiki wakati wa joto, wanaandika vipepeo waliowaona. Kwa kuandika hivyo mwaka baada ya mwaka ndipo inajulikana nani anapungua. Na kuna kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa na ncha nyeusi, kitaalamu Vanessa cardui, anayeishi Afrika na Ulaya pia. Zamani walidhani anafika Ulaya kaskazini, baridi inamkuta, anafia huko. Kumbukumbu za watazamaji, pamoja na rada, zilionyesha kwamba wazao wake wanarudi kusini, juu sana angani, macho hayawaoni. Safari ya kwenda na kurudi inazidi kilomita 12,000 na inachukua vizazi kadhaa. Hakuna anayeianza akaimaliza mwenyewe. Sisi wa kambini hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Watu wale hawakumpa kipepeo hata jani. Walilipa deni lao kwa kutochoka kuangalia. Hilo nalikubali. Ila mti wa jirani yangu usingengoja vizazi kadhaa.

Nikamwomba ruhusa, nikakata vijiti vyenye viwavi na kuvifunga kwenye ndimu yangu ndogo nyuma ya jiko. Baada ya siku chache vilibaki 4. Nyigu na ndege walichukua vingine. Viwili vikawa pupa. Mmoja akatoka alfajiri, mabawa yamekunjana na mabichi, nikamwita jirani aje aone kabla hajaruka.

Akamtazama muda mrefu. “Ni muzuri,” akasema. “Lakini ndimu yako imekwisha.”

Ilikuwa kweli, yamebaki matawi matupu. Siku ile nikapiga mstari mpya kwenye daftari, safu ya tano: nani amelipa. Nimerudi nyuma kujaza kurasa za zamani, na pengi inabidi niandike jina la mtu mwingine.

Nyinyi mnaotuhesabu, siwaombi muache. Naomba tu nanyi muulizwe alivyoniuliza yule mama, na mkose jibu kidogo, kama mimi.

Wiki hii mti wake umechipua majani mapya. Jana aliniita mwenyewe juu ya ukuta wa matete: “Mwalimu, leta daftari.” Kulikuwa na mayai matatu ya manjano, madogo kama punje za ulezi. Nilianza kujaza safu ya tano.