Ni Juu ya Nani Dhamana ya Usiku?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Tumeulizwa na ndugu mmoja, mtu wa pwani afanyaye biashara ya nafaka Karatu, katika njia iendayo Ngorongoro. Nyumbani mwake mna yatima, mtoto wa marehemu ndugu yake, na yatima huyo ana sungura wake wa kufuga. Yeye mwenyewe akaleta mtoto wa paka, apate kumpunguzia panya walao mahindi yake. Mchana wanyama hawa hukaa kwa amani. Usiku ukiingia, paka humvizia sungura, humrukia na kumparura. Sungura naye hupiga mateke, na yatima huamka akilia. Auliza: je, amtupe paka nje, au awaache, kwa kuwa mnyama hana akili wala dhambi?

Jawabu: ni kweli paka hana dhambi, kwani hakukalifishwa. Walakini udhuru wa mnyama si udhuru wa mwenye mnyama. Katika Sura ya Al-Anbiyaa tumepewa khabari ya Nabii Daudi na Nabii Sulemani, walipohukumu juu ya shamba lililoingiliwa usiku na kondoo wa watu. Na ngamia wa Al-Baraa bin Azib alipoharibu shamba, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alihukumu ya kwamba kulinda mashamba mchana ni juu ya wenye mashamba, na madhara ya mifugo usiku ni juu ya wenye mifugo. Maana aliyelala hawezi kujilinda.

Ama paka, Imamu Nawawi katika Minhaj amemtaja peke yake: paka aharibuye ndege au chakula, akiwa amejulikana kwa tabia hiyo, mwenyewe hulipa, ikiwa usiku au mchana, na asiyejulikana hivyo, mwenyewe halipi. Itazame sana hukumu hii, ewe ndugu. Kinachomfunga mtu ni kujua. Usiku wa kwanza muulizaji alikuwa na udhuru. Sasa ameyaona usiku baada ya usiku, na udhuru umekwisha. Tena sungura ni mali ya yatima. Akifa, muulizaji ana deni.

Wala asidhani kumtupa paka nje ndiko kutoka katika dhamana. Usiku wa Karatu una baridi, na fisi wa nchi ile hawalali. Twamjua mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Na kumbana sungura katika kasha finyu ni kumwadhibu aliyedhulumiwa.

Na awatazame Wamasai wa Ngorongoro, nchi iliyotengwa mwaka 1959 ili wafugaji na wanyama wa mwituni wakae pamoja. Mchana ng'ombe hulisha katika nchi ile ile waliyomo simba. Jioni hutiwa ndani ya boma la miiba. Mmasai hangoji simba aone haya: hufunga lango lake.

Basi afanye vivyo hivyo. Paka na sungura wote wawili huchangamka zaidi magharibi na alfajiri, na mtoto wa paka ni mwingi wa michezo. Jioni amchezeshe hata achoke, kisha amlishe, ndipo amlaze ghalani kwenye panya. Sungura awe chumba kingine, mlango umefungwa, katika tundu kubwa lenye majani, maji na mahali pa kujificha. Kwani hofu peke yake yaweza kumwua sungura. Mchana wakutane mbele ya macho ya mtu.

Sote tu wachungaji, na sote tutaulizwa tulichokichunga. Na nyumba zetu zina wanyonge wengine kuliko sungura. Kila afungaye mlango wake usiku na ajiulize kwanza: nimemfungia nani pamoja na nani?

Wallahu aalam.