Nani Alirusha Teke?

Jason David Frank alikuwa mcheza karate wa kweli kabla hajawa Tommy, Ranger wa Kijani wa Power Rangers, mwaka 1993. Hapa Iringa tulimtazama kwenye sidii, kisha tukatoka nje kurushiana mateke kwa jina lake.

Kumbe mapigano mengi ya waliovaa barakoa yalikatwa kutoka Zyuranger, tamthilia ya Kijapani ya 1992. Teke lilirushwa na Mjapani aliyefunikwa uso; sifa akapewa Mmarekani. Ranger wa Njano, aliyekuwa mwanamume kule Japani, Marekani akageuka msichana.

Je, huo ni wizi? Sidhani. Frank hakudanganya kwamba anajua karate, na mtoto huhitaji uso wa kumpenda ili atamani ushujaa. Lakini deni lipo, na nadhani ni letu watazamaji.

Kalenga tunakwenda kutazama fuvu la Mkwawa. Waliochomoa mikuki Lugalo mwaka 1891, wangapi tunawajua kwa majina? Mkwawa hakuwaibia sifa. Ni sisi tuliofika kwenye uso mmoja tukaridhika. Kumheshimu shujaa ni pamoja na kuuliza: nani mwingine alikuwepo?