Nani Ana Haki ya Kuigiza Maumivu ya Jirani?

Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, inajulikana kwa bwawa lake, kwa zabibu, na kwa kituo kilichowatunza kwa miaka mingi watu waliougua ukoma. Tuseme kikundi cha sanaa cha kijijini kinatunga igizo juu ya ugonjwa huo. Kijana mwenye afya anakunja vidole, anachechemea, ananyimwa kikombe cha maji. Je, ana haki hiyo? Ukoma unatibika kwa vidonge. Kinachoweza kubaki baada ya tiba ni ulemavu wa mikono, pamoja na macho ya majirani wanaokodoa. Anayeigiza hapo anagusa heshima ya mtu ambaye huenda ameketi mstari wa mbele. Naamini haki ipo, ila haitokani na kipaji wala nia njema. Inatokana na uwezo wa mwenye maumivu kusema, "Siyo hivyo," na igizo likabadilika.

Wapo waliokataa uigizaji tangu kale. Plato alitaka washairi waondolewe katika dola yake, akisema mwigaji hana maarifa ya anachokiiga. Augustino, katika Maungamo, alijilaumu kwa kupenda kulilia mateso ya kubuni, mateso ambayo mtazamaji haitwi kuyaponya bali kuyasikitikia tu. Hoja ya Augustino ni nzito, nami naikubali pale mtazamaji anapolipa kiingilio, akalia, akaenda zake. Lakini katika uwanja wa kijiji mwigizaji anajulikana ni mtoto wa nani, hivyo hakuna anayedanganywa, na aliyeliliwa jioni atakutwa kisimani asubuhi. Huruma ina pa kwenda. Asiyempa jirani nafasi baada ya kumlilia hadharani atakuwa ameonekana na kijiji kizima.

Ushahidi kwamba mwenye jambo anaweza kuusahihisha mchezo tunao. Mwaka 1982 na 1983 Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi Malya, Mwanza. Hawakupeleka tamthilia iliyokamilika. Wanakijiji wenyewe walitaja yanayowasumbua, mimba za wasichana zikiwemo, ngoma na maigizo yakatungwa hapo, kisha yakajadiliwa. Kamiriithu, nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi wa viwandani waliirekebisha rasimu ya mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, kwa sababu maisha yaliyoandikwa yalikuwa yao. Serikali iliuzuia mchezo ule mwaka 1977, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Watawala walielewa vizuri nguvu ya watu wanaojisemea. Wagogo wa Dodoma nao hawahitaji kufundishwa jambo hili kutoka mbali: katika muheme, ngoma ya wanawake, wimbo hauendi bila waitikiaji, hivyo asiyeridhika anaweza kunyamaza mbele ya wote.

Itasemwa kwamba mnyonge hawezi kupinga mbele ya umati, na kwamba kimya chake kitachukuliwa kuwa ridhaa. Ni kweli, na ndiyo sababu mazungumzo lazima yaanze kabla ya mazoezi, nyumbani kwake, huku akijua kwamba anaweza kukataa kabisa. Mfadhili anayeleta ujumbe ulioandikwa tayari anaiua haki hiyo hata kama ujumbe ni sahihi, maana ameshaamua nani asikilizwe. Wengine watasema basi aigize aliyeugua mwenyewe. Aigize akitaka. Lakini tukimwachia yeye peke yake, tutakuwa tumembebesha kazi ya kutuelimisha juu ya mzigo alio nao, nasi tubaki kutazama. Zaidi ya hapo, akipanda jukwaani ana haki ya kuwa diwani, mganga wa zahanati au bwana harusi. Kikundi kinachomwita siku ya igizo la ukoma tu kimemtenga tena, safari hii kwa makofi.