Mti wa Njiani na Haki ya Mizizi Yake

Mwembe Tayari na Mwembe Kuku, mitaa ya Mombasa, yachukua majina ya miti. Wazee wetu waliutambua mti kuwa ni alama ya mji, na kivuli chake kuwa ni baraza ya kila apitaye. Leo twapanda miti kando ya barabara, lakini mingi twaitia katika kishimo cha upana wa karai, kisha twaizungushia saruji na lami. Ipitapo miaka, ama mti hudhoofika ukafa, ama mizizi hupasua njia ya miguu, hapo watu husema, "Mti huu ni mharibifu, na ukatwe."

Twauliza: kosa ni la nani?

Wanavyuoni wameieleza dhuluma kuwa ni kuweka kitu pasipokuwa pahali pake. Na mti hauishi kwa shina peke yake. Mizizi iliyo mingi haizami sana. Hukaa katika kadiri ya mita moja ya juu ya ardhi, ikaenea mbali kupita kivuli cha matawi. Nayo yahitaji maji na hewa. Udongo ulioshindiliwa hauna nafasi ya hewa, basi mizizi hufuata upenyo uliopo chini ya mawe ya njia, na ikinenepa huyainua. Mti umetafuta riziki yake tu.

Pengine mtu atatujibu: "Barabara ni ya watu. Je, mzee ajikwae ili mwarobaini usitawi?" Hoja hii ina haki ndani yake, wala hatuipuuzi. Lakini katika mji wa Stockholm, nchi ya Uswidi, mafundi hutandika chini ya njia mawe makubwa yaliyovunjwa, na baina yake hutia udongo na makaa ya mimea. Mawe hubeba uzito wa wapitao, mizizi hupenya katikati, na maji ya mvua huelekezwa humo.

Basi haki mbili zikiweza kutimizwa pamoja, kuinyima moja si dharura, ni uzembe. Yawapasa wasimamizi wa mji, kabla ya kuhesabu miche, wapime ardhi. Miti mitatu yenye nafasi ni bora kuliko thelathini ya kufa. Na mwenye nyumba amwagaye saruji mlangoni pake, naye auachie mti wa jirani sehemu ya kupumua.