MNYORORO WA TELA: JEE, KUUFUNGA NI UPUNGUFU WA TAWAKALI?

Katika mambo ambayo watu huyaona madogo, na hali ni makubwa, ni kulikokota tela nyuma ya motokaa au trekta bila ya kulitia minyororo yake ya hadhari. Mwenye kufanya hivyo akinasihiwa, hujibu kwa neno lipendezalo masikioni: "Nimetawakali, ajali haina kinga." Basi lipasalo kuangaliwa ni hili: neno hilo ni tawakali ya kweli, au ni uzembe uliovikwa kilemba?

Iangaliwe njia ile ya kale itokayo Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe, kisha ikashuka Ujiji penye ziwa Tanganyika. Watu wa pwani waijua kwa masimulizi ya wazee wao. Zama hizo mpagazi Mnyamwezi, naye aghalabu alikuwa mtu huru mwenye kula ujira wake, alichukua mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mzigo ukimponyoka begani, uliangukia miguuni pake, ukaishia hapo. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Leo pana barabara na malori, na vijijini trekta hukokota tela lililojaa tumbaku, mahindi au matofali, na pengine juu ya shehena hiyo wamekaa watu. Mzigo wa namna hii ukichopoka hauishii miguuni pa mwenyewe. Hushika njia peke yake, ukamwendea asiyekuwa na khabari.

Tela hushikana na gari kwa kiungo kimoja tu: pini iliyopitishwa tunduni, au tufe la chuma lililofunikwa na kikombe chake. Pini huruka kwa mitikisiko, tufe hulika kwa kutumika sana, na kikombe hufunguka kisipokazwa. Ndipo mafundi wakaweka minyororo iwe akiba ya kiungo hicho, nayo ina sharti zake. Kwanza, iwe miwili, na kila mmoja uwe na nguvu ya kulizuia tela pamoja na shehena yake. Waya na kamba ya katani si badala yake, wala mnyororo ulioliwa na kutu. Pili, ipishane chini ya mkono wa tela, wa kulia ushikwe kushoto na wa kushoto ushikwe kulia, ili mkono ukianguka upokewe kama mgonjwa katika machela, usichimbe ardhi na kulipindua tela. Tatu, ishikwe katika fremu ya gari lenyewe, isifungwe katika chuma kile kile kiwezacho kuchopoka, maana vitakwenda pamoja. Nne, urefu wake uwe wa kadiri: ikiwa mifupi mno itakatika gari lipindapo kona, ikiwa mirefu mno itaburura chini na kulika, na wakati wa kiangazi cheche zake zaweza kuwasha majani makavu ya porini. Tano, kila kulabu iwe na ulimi wa kuizuia isifunguke. Na siku kiungo kitakapoachia, dereva asikanyage breki kwa ghafula, lisije tela likamgonga kwa nyuma; apunguze mwendo polepole hata asimame.

Ajabu ya minyororo hii ni kuwa siku zote haifanyi kazi. Mtu aweza kwenda Urambo na kurudi Tabora mara mia, isivute hata kilo moja. Hapo ndipo nafsi humnong'oneza kuwa haina faida. Lakini faida yake yote imewekewa siku moja isiyojulikana, na mwenye kungojea aijue siku hiyo ndipo aifunge, hataifunga.

Huenda mtu akasema: "Lililoandikwa litakuwa, kwa mnyororo na pasi na mnyororo." Jawabu yake ni kuwa suala hili lilikwisha kuulizwa zamani. Imepokewa katika mkusanyo wa Tirmidhi, kwa Anas bin Malik, kuwa mtu mmoja alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Akaamrishwa amfunge kwanza, kisha atawakali.

Tena liko neno jingine la kuzingatiwa. Yule asiyemfunga ngamia wake hupotelewa na ngamia wake mwenyewe. Asiyelifunga tela huenda asipotelewe na kitu. Atakayepotelewa ni mama aliyekuwa akitembea kando ya njia na mtoto mgongoni. Mtu hutawakali kwa kilicho chake. Hana ruhusa ya kutawakali kwa shingo ya mwenziwe asiyemtaka idhini. Imam Nawawi katika Minhaj amemtia dhamana mtu aliye pamoja na mnyama kwa anachokiharibu mnyama huyo, nafsi au mali, usiku na mchana. Na mnyama ana matakwa yake, aweza kumkaidi bwana wake. Tela halina matakwa wala ukaidi. Halifanyi ila lile aliloliachia mwenyewe. Ikiwa wa kwanza hakupata udhuru, wa pili ataupata wapi?

Na uzito usio na kizuizi haujui huruma. Tarehe 24 Juni 2002, katika reli hiyo hiyo ifuatayo njia ya misafara, gari moshi la abiria lilishindwa kupanda mlima karibu na Igandu, mkoa wa Dodoma, likarudi nyuma kwa kasi hata likagongana na gari moshi la mizigo. Walikufa watu 281. Hilo halikuwa jambo la tela, lakini funzo ni moja: mteremko humvuta kila asiyezuiwa.

Limebaki neno lililo chungu, nalo halifai kufichwa. Njia hii yaujua mnyororo tangu zamani. Pamoja na wapagazi huru walipitishwa humo watumwa, shingo zao zikiwa katika chuma, mpaka pwani. Biashara yao ya baharini ilikatazwa na Sayyid Barghash mwaka 1873, na katika Tanganyika utumwa wenyewe ulifutwa kwa sharia mwaka 1922. Wafanyao biashara ile hawakusahau mnyororo hata usiku mmoja. Walizikagua pete zake, wakazijaribu kufuli zake, wala hakuna aliyesema, "Nimetawakali, hawatatoroka." Basi ni aibu iliyoje mnyororo ukumbukwe ulipokuwa walinda faida kwa kudhulumu watu, usahauliwe leo unapolinda watu wasidhulumiwe! Chuma ni kile kile. Lililogeuka ni nia ya mwenye kukishika.

Basi mwenye tela na ashuke kabla ya safari, ainame, azitie mkono kulabu zote mbili, aitazame minyororo ilivyopishana. Akishainuka, na aseme hapo, "Tawakkaltu ala Allah." Neno hilo litakuwa limepata mahali pake.

Wabillahi taufiki.