Je, Picha Yaweza Kusema Uwongo?



Watu wakitoka katika sinema, mara nyingi twawasikia wakisema: «Jambo hili ni kweli, tumeliona kwa macho yetu.» Wanafikiri kwamba mdomo waweza kudanganya, lakini kamera haiwezi, maana inachukua tu kile kilicho mbele yake. Je, ndivyo? Tufikiri pamoja.

Kamera haijipeleki yenyewe. Yupo mtu anayeiweka mahali, na mahali pale pana neno la kusema. Akiiweka chini na kuielekeza juu, mtu anayepigwa picha anaonekana mkubwa kama mnara. Akiipandisha juu na kuielekeza chini, mtu yule yule anakuwa mdogo kama mdudu njiani. Akiiweka mbali, twaona umati, hatuoni mtu. Akiisogeza karibu hata uso ukajaa kitambaa chote, twaona chozi na mtetemo wa midomo. Mtu hakubadilika; sisi ndio tuliohamishwa mahali pa kusimama.

Tutoe mfano. Mwezi wa Septemba 1934, chama cha Hitler kilifanya mkutano mkubwa katika mji wa Nuremberg, Ujerumani. Leni Riefenstahl aliupiga picha, na mwaka 1935 sinema yake ikatoka, jina lake Triumph des Willens. Inaanza angani: ndege inapita katikati ya mawingu, inashuka mjini, na Hitler anatoka ndani yake kama mjumbe wa mbinguni. Mara nyingi anaonyeshwa kutoka chini. Lakini wafuasi wake mara nyingi wanaonyeshwa kutoka juu. Hata lifti ilifungwa kwenye mlingoti wa bendera ili kamera ipande. Safu za watu zaonekana kama matofali yaliyopangwa. Kumbe kila tofali lilikuwa mwana wa mama fulani.

Basi, ndege ilikuwa ya kweli, mawingu ya kweli, watu wa kweli. Lakini sinema yote yasema: huyu mmoja ni kama mungu, na hawa wengine si kitu ila kwa ajili yake. Huo ni uwongo, na ulimwengu umeulipa kwa damu nyingi. Kumbe mtu aweza kusema uwongo kwa mambo ya kweli.

Sasa mfano wa pili. Mwaka 1928, Carl Theodor Dreyer, mtu wa Denmark, alitoa La Passion de Jeanne d'Arc, sinema isiyo na sauti, juu ya hukumu na kifo cha Mtakatifu Yoana wa Arc, aliyechomwa moto mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 1431. Hapa yote ni maigizo. Kuta zilijengwa kwa ajili ya sinema tu, na Yoana ni mchezaji, Renée Falconetti. Lakini Dreyer hakutaka rangi yoyote ipakwe usoni mwake, akasogeza kamera karibu sana. Waamuzi nao, mara nyingi anawaonyesha kutoka chini, nao wanaonekana wakubwa. Je, twawasifu? Hapana. Twawaona jinsi msichana yule alivyowaona, na twaogopa pamoja naye. Namna ni ile ile ya Nuremberg, lakini neno ni jingine: kamera imesimama pamoja na mtu anayehukumiwa. Ekleziya yenyewe iliitangua hukumu ile mwaka 1456, na mwaka 1920 Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 akamtangaza Yoana kuwa mtakatifu. Sinema ya maigizo imesema kweli.

Pengine mtu atasema: «Basi sinema zote ni hila, tuziache.» Sivyo. Kila anayetazama, hana budi kusimama mahali. Hata shahidi mwaminifu aliona kutoka upande mmoja. Kuchagua mahali si dhambi. Dhambi ni kuchagua mahali ambapo mtu hawezi tena kuonekana kuwa mtu. Kwa hiyo, tukikaa mbele ya kitambaa cheupe, tusiulize tu: «Je, jambo hili lilitokea?» Tuulize tena: «Tumesimamishwa wapi? Nani amekuzwa, nani amepunguzwa? Uso wa nani tumenyimwa?»

Tena tusiwahukumu wapiga sinema peke yao. Sisi nasi tuna macho, na kila siku twachagua. Maskini twamtazama kutoka juu, tajiri kutoka chini, watu wa kabila jingine kutoka mbali, kama umati usio na majina. Twasema kweli tuliyoiona, na papo hapo twamsingizia jirani.

Tumkumbuke Zakayo. Watu wa Yeriko walimwona mwenye dhambi tu. Bwana wetu alifika chini ya mti, akainua macho, akamwita kwa jina lake. Na usiku wa Alhamisi Kuu aliinama miguuni pa mitume wake, akawaosha. Aliye juu ya wote alichagua mahali pa chini pa kutazamia. Na sisi je, tutasimama wapi?